John Hanning Speke

John Hanning Speke (4 Mei 1827 – 15 Septemba 1864) alikuwa afisa wa jeshi na mpelelezi kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kama Mzungu wa kwanza kufika Ziwa Viktoria, mwaka 1858, na kwa kudai kwamba ziwa hilo ndilo chanzo cha mto Naili. Dai hilo lilikuwa sahihi, lakini alifariki kabla halijakubaliwa na wataalamu wa wakati wake. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa vipimo vyake: vifaa viliharibika njiani, vimo havikupatana, na sehemu kadhaa za ramani zilichorwa bila mtu kufika huko. Kwa hiyo habari za Speke ni sehemu ya historia ya Afrika ya Mashariki na pia mfano wa aina za makosa yanayotokea katika upimaji wa kisayansi.

Wenyeji wa kando ya ziwa, kama vile Wasukuma, Wakerewe, Wahaya na Waganda, walilijua ziwa lao tangu zamani. Kazi ya Speke ilikuwa kuliweka kwenye ramani iliyotumika Ulaya, na ndiyo sababu usahihi wa vipimo vyake ulikuwa na uzito mkubwa.

Maisha ya awali

Speke alizaliwa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika familia ya wenye mashamba. Mwaka 1844 aliingia katika jeshi la Kampuni ya Uhindi ya Mashariki huko Bengali, akapigana katika vita vya Punjab. Wakati wa likizo alipenda kwenda milima ya Himalaya hadi mpakani mwa Tibet, ambako aliwinda, alikusanya mifano ya wanyama na kujizoeza kuchora ramani. Ujuzi wake wa upimaji aliupata kwa mazoezi ya namna hiyo. Hakuwa mwanasayansi aliyesomea fani hiyo chuoni.

Mwaka 1854 alijiunga na msafara wa Richard Francis Burton kwenda nchi ya Wasomali. Aprili 1855 kambi yao ilishambuliwa karibu na Berbera. Mwenzao mmoja aliuawa, Burton alichomwa mkuki mashavuni, na Speke alikamatwa na kujeruhiwa mara kadhaa kabla ya kutoroka. Baada ya kupona alishiriki vita vya Krimea. Desemba 1856 alifika Zanzibar pamoja na Burton, wakitumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kutafuta maziwa makubwa ya bara.

Safari ya bonde la Pangani, 1857

Kabla ya kwenda bara, Burton na Speke walifanya safari fupi ya pwani ili kuzoea nchi na hali ya hewa. Januari 1857 walienda Mombasa na Rabai, walikoonana na mmisionari Johannes Rebmann, kisha wakateremka hadi Tanga na Pangani. Kutoka Pangani walifuata bonde la mto kwenda bara. Walipita Chogwe na Tongwe, palipokuwa na vituo vidogo vya askari Wabaluchi wa sultani wa Zanzibar, wakaendelea katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Korogwe. Ng'ambo ya kusini ya mto ilikuwa nchi ya Wazigua, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Handeni. Kutoka bondeni walipanda milima ya Usambara hadi Vuga, makao makuu ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alikuwa amefika huko kabla yao, mwaka 1848 na mwaka 1852. Kimweri alikuwa mzee na mgonjwa, na alitumaini kwamba wageni hao wangekuwa na dawa ya kumponya.

Safari hiyo ilikuwa na matokeo mawili kwa maisha ya Speke. La kwanza ni kwamba huko Chogwe alikutana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kupelekwa Uhindi kama mtumwa na ambaye wakati huo alikuwa askari wa kituo. Bombay alizungumza Kihindustani na Speke, akawa mkalimani na kiongozi wa watu wake katika safari zote mbili za bara. La pili ni kwamba wapelelezi wote wawili waliugua homa kali, wakarudi Zanzibar mwezi Machi wakiwa dhaifu. Tangu mwanzo, basi, ilionekana kwamba afya ya mpimaji ingekuwa sehemu ya tatizo la upimaji.

Bonde hilo pia linasaidia kueleza njia waliyotumia kupima vimo. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Mtu akipanda juu, kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa hugandamiza vitu, hupungua, na maji huchemka kwenye joto la chini zaidi. Tofauti ni karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Mji wa Pangani uko baharini; Korogwe iko karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari; Handeni iko zaidi ya mita 600. Kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 100 hivi Pangani, 99 hivi Korogwe na 98 hivi Handeni. Kipimajoto kinachozidisha nyuzi 1 tu kitaiteremsha Korogwe hadi pwani, na kitaiweka Handeni kwenye kimo cha Korogwe. Njia ni rahisi na haihitaji mzigo mkubwa, lakini kosa dogo la kifaa huzaa kosa kubwa la kimo.

Vifaa vya msafara

Juni 1857 Burton na Speke waliondoka Zanzibar kuelekea bara kupitia Kaole, karibu na Bagamoyo. Speke ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya upimaji. Alitakiwa kupata mambo matatu kwa kila kituo muhimu: latitudo, longitudo na kimo.

Latitudo aliipima kwa sekstanti, kifaa cha kupimia pembe, akitazama kimo cha jua au nyota na taswira yake katika sahani ya zebaki. Kipimo hiki hakihitaji saa sahihi, na mtazamaji anaweza kukirudia kwa nyota kadhaa na kuchukua wastani. Kwa sababu hiyo latitudo zilikuwa sehemu ya kuaminika zaidi ya kazi yake.

Longitudo ilikuwa ngumu zaidi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 1 kwa kila dakika 4. Karibu na ikweta nyuzi 1 ni takriban kilomita 111, hivyo saa inayokosea dakika 1 tu huhamisha mahali kwa kilomita 28 hivi. Msafara ulibeba kronomita, yaani saa zilizotengenezwa kwa usahihi mkubwa kwa ajili ya mabaharia. Lakini chombo kilichokusudiwa kukaa kwenye meli hakikuvumilia kubebwa kwa miguu miezi mingi katika joto, unyevu na mitikisiko. Kronomita ziliharibika moja baada ya nyingine. Ilibidi wapelelezi watumie njia ya kupima umbali wa mwezi kutoka kwenye nyota, na kuhesabu sekunde kwa bembea waliyoitengeneza wenyewe: risasi ya bunduki iliyofungwa kwenye uzi wenye urefu wa karibu mita moja. Bembea ya urefu huo huchukua sekunde moja kwenda upande mmoja. Ulikuwa ufumbuzi wa busara, lakini njia yenyewe haina huruma: kukosea umbali wa mwezi kwa dakika 1 ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi, huleta kosa la kilomita 55 hivi katika longitudo.

Vimo vilitegemea vipimajoto vya kuchemshia maji. Navyo viliharibika njiani, mpaka ikabidi kutumia kipimajoto cha kawaida cha kupimia maji ya kuogea.

Ziwa Tanganyika na futi 1,844

Msafara ulifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, na Ziwa Tanganyika Februari 1858. Wakati huo Burton alikuwa hawezi kutembea vizuri, na Speke alikuwa na ugonjwa wa macho uliomfanya aone ukungu mahali ambapo wenzake waliona maji. Baadaye mdudu aliingia sikioni mwake, akajaribu kumtoa kwa kisu na kujiumiza vibaya.

Katika hali hiyo kimo cha ziwa kilipimwa na kuandikwa kuwa futi 1,844, sawa na mita 562 hivi. Kimo halisi ni takriban mita 770. Kosa la zaidi ya mita 200 linaonekana kubwa mno, lakini katika kipimajoto ni tofauti ya nyuzi 0.7 tu za Selsiasi. Mtu mwenye macho mazima angeweza kukosea kiasi hicho kwa kusoma mstari wa kipimajoto akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Na kipimajoto cha kuogea hakikutengenezwa kwa kazi ya usahihi wa namna hiyo.

Swali kubwa lilikuwa mto Ruzizi, ulioko kaskazini mwa ziwa. Kama unatoka ziwani, ziwa lingeweza kuwa chanzo cha Naili; kama unaingia, haiwezekani. Speke alivuka ziwa na kupata habari kwa mfanyabiashara Mwarabu kwamba mto unatoka. Baadaye wapelelezi walipofika Uvira waliambiwa na wana wa mtawala wa huko kwamba unaingia. Bombay naye alieleza kwamba mfanyabiashara yule alikuwa na maana hiyohiyo ya kuingia, ila hakueleweka vizuri. Hapa hapakuwa na kifaa kilichoharibika. Habari ilipita katika lugha kadhaa ikageuzwa njiani. Wapelelezi hawakufika kwenye mdomo wa mto kujionea.

Ziwa Viktoria, 1858

Waliporudi Kazeh, Burton alibaki kupumzika, na Speke akaenda kaskazini na kikosi kidogo. Tarehe 3 Agosti 1858 alitazama ziwa kubwa kutoka kilima karibu na Mwanza, akaliita Viktoria kwa heshima ya malkia wa Uingereza. Alipima kimo chake akapata karibu futi 3,740, yaani mita 1,140 hivi. Kimo kinachokubaliwa leo ni takriban mita 1,134.

Ukaribu huo unashangaza, lakini haumaanishi kwamba vifaa vyake vilikuwa vizuri. Unaonyesha kwamba kosa halikuwa sawa katika kila kituo. Kanieneo ya hewa hubadilika kati ya asubuhi na alasiri kiasi cha kuhamisha kimo kwa makumi ya mita, na makosa mawili ya kinyume yanaweza kufutana. Jibu linaloangukia karibu na ukweli halitofautiani kwa sura na jibu lililokosea, mpaka mtu mwingine apime tena.

Kutokana na kimo hicho, ukubwa wa ziwa na maelezo ya wenyeji, Speke aliamini kwamba amepata chanzo cha Naili. Alikuwa ameona ghuba moja tu ya kusini. Burton alikataa kukubali dai lililojengwa juu ya ushahidi mdogo namna hiyo, na uhasama kati yao ulianza. Speke alifika Uingereza Mei 1859 kabla ya mwenzake, akatoa taarifa yake mwenyewe, na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ikampa msafara wa pili.

Safari ya pili, 1860–1863

Safari hii alifuatana na James Augustus Grant, na Bombay akawa tena kiongozi wa watu wao. Walipita Karagwe, walikopokewa na mfalme Rumanika, na mwaka 1862 Speke alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Tarehe 28 Julai 1862 aliona mahali ambapo maji hutoka ziwani kuelekea kaskazini, karibu na Jinja ya leo, akapaita Maporomoko ya Ripon. Grant, aliyekuwa na kidonda kikali cha mguu, alikuwa ameelekezwa njia nyingine. Hivyo hapakuwa na mpimaji wa pili wa kuthibitisha yale aliyoyaona mwenzake.

Kutoka hapo hawakuufuata mto mfululizo. Walikata njia mahali ambapo mto unageuka magharibi kuelekea Ziwa Albert, wakaukuta tena mbele zaidi. Februari 1863 walifika Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo, wakakutana na Samuel Baker.

Kitabu cha safari kilitolewa mwaka 1863. Wapinzani walichambua takwimu zake, wakaonyesha kwamba kwa vimo alivyoandika, mto ungelazimika kupanda mlima kwa maili 90 hivi. Pia alikuwa amechora kwenye ramani yake Milima ya Mwezi, inayotajwa katika maandishi ya kale, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, bila kipimo cha kutosha. Katika kitabu hichohicho alidai kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walitokana na wahamiaji kutoka Ethiopia. Dai hilo halikuwa na ushahidi, lakini lilichangia nadharia ya Kihamiti, iliyotumiwa baadaye kuwagawanya watu wa Rwanda na Burundi.

Aina za makosa katika vipimo vyake

Makosa ya Speke yanaweza kupangwa katika makundi yanayofundishwa katika somo la fizikia.

Makosa ya kimfumo hutokana na kifaa au njia yenyewe, na huelekea upande uleule kila mara. Kipimajoto kinachozidisha joto hupunguza kimo popote kinapotumika. Kurudia kipimo mara 10 hakusaidii. Dawa yake ni kulinganisha kifaa na kiwango kinachojulikana, kwa mfano kukichemshia maji pwani kabla na baada ya safari.

Makosa ya nasibu huenda huku na huku bila mpango, kama vile mabadiliko madogo ya hewa au mkono unaotetemeka. Haya hupungua kwa kurudia na kuchukua wastani, kama Speke alivyofanya kwa latitudo.

Makosa ya mazingira hutokana na joto, unyevu na mitikisiko. Kronomita hazikuwa mbovu zilipotoka kiwandani; ziliharibika kwa kutumika mahali zisipokusudiwa.

Makosa ya mpimaji hutokana na macho, uchovu, ugonjwa na matarajio. Mtu anayetamani jibu fulani hukubali kwa urahisi kipimo kinachomuunga mkono.

Mwisho kuna kosa la kujaza pengo, yaani kuchora kisichopimwa kana kwamba kimepimwa. Hili lilimdhuru Speke kuliko mengine, kwa sababu liliwafanya watu watilie shaka hata yale aliyoyapima kweli.

Mabishano na kifo

Kufikia mwaka 1864 Burton alikuwa akisema kwamba Ziwa Tanganyika ndilo linalopeleka maji Naili kupitia Ruzizi na ziwa lililoitwa Luta Nzige, yaani Ziwa Albert. Speke alijibu kwamba Tanganyika, kwa futi zake 1,844, liko chini mno. Burton naye alikitilia shaka kipimo hicho, akitaja udhaifu wa kipimajoto kilichotumika. Kwa hiyo katika jambo la kimo Burton alikuwa na haki, na katika jambo la chanzo cha Naili Speke alikuwa na haki.

Baker alipofika Ziwa Albert mwaka 1864 aliandika kimo cha futi 2,720, ingawa kimo halisi ni takriban futi 2,030. Yeye alizidisha kwa kiasi kilekile ambacho kipimo cha Tanganyika kilipunguza. Kwa takwimu hizo mbili Tanganyika lilionekana kuwa chini ya Albert, wakati kwa kweli liko juu yake kwa mita 150 hivi. Hoja ya kwamba Tanganyika halipeleki maji Albert ilikuwa kweli, lakini ilisimama juu ya vipimo viwili vya uongo.

Burton na Speke walipangiwa kukutana katika mjadala wa hadhara mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864, mbele ya Jumuiya ya Uingereza ya Kuendeleza Sayansi. Siku moja kabla, Speke alikwenda kuwinda ndege karibu na mji huo. Alipokuwa akipanda ukuta mfupi wa mawe bunduki yake ililipuka na risasi ikampata kifuani. Alikufa muda mfupi baadaye, akiwa na umri wa miaka 37. Uchunguzi rasmi uliamua kwamba ilikuwa ajali, ingawa wengine walidhani alijiua. Alizikwa Dowlish Wake, Somerset.

Uthibitisho baada ya kifo

Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika kaskazini mwa Ziwa Tanganyika wakaona kwa macho yao kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron, aliyefuatana na Bombay, aliona mto Lukuga ukitoka ziwani upande wa magharibi, kuelekea beseni la Kongo. Mwaka 1875 Stanley alizunguka Ziwa Viktoria kwa mashua, akathibitisha kwamba ni ziwa moja kubwa na kwamba mto mkubwa hutoka kwake mahali Speke alipopaonyesha. Hivyo mabishano yaliyoshindwa kumalizwa kwa vipimo vya mtu mmoja yalimalizwa kwa ushahidi wa watu kadhaa waliofika mahali penyewe kwa nyakati tofauti.

Kumbukumbu

Ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria, kaskazini mashariki mwa Mwanza, na Mlima Speke katika milima ya Ruwenzori vinaitwa kwa jina lake. Mnara wa kumbukumbu yake uko Kensington Gardens, London. Maporomoko ya Ripon yalizama baada ya lambo la Owen Falls kujengwa karibu na Jinja na kuzinduliwa mwaka 1954.